Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, Ujerumani, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Mwaka 1882 alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mwaka huohuo alifanya utafiti katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Reli ilikuwa haijafika Tabora, na wapagazi walilala katika vibanda vya njia za misafara. Koch alionyesha kwamba papasi waliojificha katika sakafu za vibanda hivyo walieneza homa ya papasi.

Kuhusu maziwa alikosea. Mwaka 1901, mjini London, alidai kuwa kifua kikuu cha ng'ombe humpata binadamu kwa nadra sana, hivyo hatua dhidi ya maziwa hazihitajiki. Tume ya Uingereza iliyoundwa mwaka huo ilithibitisha kinyume chake mwaka 1911: maziwa mabichi huambukiza binadamu, hasa watoto. Kuchemsha maziwa huua bakteria hao, jambo muhimu hadi leo kwa wafugaji wa Tabora na kwingineko.