Euler na namba ya Fermat

Kimamba, pale Kilosa, mkonge hupandwa kwa mistari. Nilipokuwa huko kwenye mazoezi ya ualimu niliitumia mistari hiyo kufundisha namba tasa. Miche 12 unaipanga mistari 3 ya miche 4. Miche 13 haikubali, labda uiweke yote kwenye mstari mmoja. Mwanafunzi mmoja akauliza: na namba yenye tarakimu kumi, mwalimu, utajuaje? Jibu langu lilikuwa maisha ya Leonhard Euler.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Baba yake, mchungaji, alitaka kijana naye awe mchungaji, lakini mwanahisabati Johann Bernoulli alimwombea mzee ruhusa mtoto asome hesabu. Mwaka 1727 Euler akaenda kufanya kazi St. Petersburg, Urusi.

Wakati huo kulikuwa na dai la Mfaransa Pierre de Fermat, jina kubwa kwelikweli. Fermat alichukua 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa, akaamini kwamba inayofuata kwa mpangilio uleule, yaani 4,294,967,297, nayo ni tasa. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Alikuwa na mifano mitano mizuri, ila uthibitisho hakuwa nao.

Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 tu, akaonyesha kwamba namba ile inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Zidisha mwenyewe uone. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano, basi! Bila kanuni hiyo ungepita namba tasa 116 kabla ya kumaliza kazi.

Maisha hayakuwa mteremko. Jicho la kulia lilianza kufa akiwa na miaka kama thelathini. Alikaa Berlin miaka 25, akarudi St. Petersburg mwaka 1766, na jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Watoto wake 13, waliofikia utu uzima ni watano tu. Hata hivyo aliendelea kuhesabu kichwani huku wengine wakimwandikia. Mwaka 1772 alitoa taarifa kwamba 2,147,483,647 ni tasa, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati ule. Alifariki Septemba 1783.

Naye Euler aliteleza. Alidhani kipeo cha tano cha namba hakiwezi kupatikana kwa kujumlisha vipeo vya tano vinne tu. Mwaka 1966 kompyuta ikatoa jibu: vipeo vya tano vya 27, 84, 110 na 133, ukivijumlisha, vinatoa kipeo cha tano cha 144. Yaani yaliyompata Fermat yakampata na yeye.

Wenzangu wa ualimu, tunapenda kutoa mifano mitatu ubaoni, tukaita kanuni, tukafuta ubao. Na mwanafunzi akibisha tunamwambia akae chini. Mimi siku ile Kimamba nilimpa yule mwanafunzi chaki, agawanye mwenyewe kwa 641. Kengele ililia hajamaliza, na darasa zima likakataa kutoka.