SULTANI HASAN WA KILWA: MTOAJI NA MJENZI



Ndugu msomaji, Ramadhani ni mwezi wa kutoa. Basi ni vyema tumkumbuke mtu wa pwani yetu wenyewe aliyejulikana kwa kutoa hadi akapewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Naye ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Alitawala tangu mwaka 1310 hivi hadi 1333 hivi. Vijana wengi wanajua majina ya wafalme wa mbali na huyu hawamjui, ilhali alijenga kwa mawe na chokaa ileile inayoonekana kwenye nyumba kongwe za Amu, ng'ambo tu ya maji kutoka hapa Mokowe.

KUSOMA KWAKE

Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ulioshika Kilwa tangu zama za babu yake, al-Hasan bin Talut. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba akiwa kijana mdogo alisafiri, akasoma Aden miaka miwili, kisha akahiji Makka. Nyuma nduguye Dawud alimshikia kiti, na aliporudi akamkabidhi. Hebu fikiri, ndugu kumrudishia ndugu ufalme bila vita!

Kilwa wakati huo ilikuwa tajiri. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani Hasan imepatikana hata Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

UJENZI WAKE

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema. Lakini alieleza kwamba nyumba zake zilikuwa za miti, zimeezekwa nyasi. Hata misikiti ya Mombasa aliikuta ya miti, imejengwa kwa ufundi mkubwa. Kwa hivyo jengo la mawe halikuwa la kila mtu. Wengi walijenga kwa kilichoota karibu nao, na mgeni aliyetembea dunia akaona uzuri.

Sultani Hasan yeye alijenga kwa matumbawe. Mafundi wa pwani walikuwa na aina mbili za jiwe. Lile gumu la nchi kavu lilikuwa la kuta. Lile la baharini, likitolewa mbichi huwa laini, hukatwa na kuchongwa mapema, kisha likikauka linakuwa gumu. Hilo lilikuwa la mihirabu, milango na mapambo. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo: yanapangwa juu ya lundo la kuni, yanachomwa, kisha chokaa inaachwa ipoe na kuiva kwa muda mrefu kabla ya kutumika.

Tatizo lilikuwa paa. Dari ya kawaida hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Amu ni virefu na vyembamba. Alipoupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa, mafundi wake waliezeka kwa kuba na matao ya mawe na chokaa. Uzito wa kuba hushuka wenyewe hadi kwenye kuta na nguzo, bila boriti hata moja. Kuba kubwa la msikiti ule lilikaa karne nyingi bila kupata mwenziwe katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Lakini si kila kitu kilisimama. Sehemu kubwa ya upanuzi ule ilianguka, na ikajengwa upya katika karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman. Waliokuja nyuma hawakuiacha njia ya kuba. Waliirudia wakiwa na nguzo imara zaidi.

Nje ya mji, juu ya jabali la bahari, alijenga Husuni Kubwa. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100, maghala, ua wa baraza na birika la pembe nane. Halikumalizika, na halikukaliwa muda mrefu. Leo ni magofu, wakati jina lake limebaki kwa jambo jingine.

KUTOA KWAKE

Siku moja ya Ijumaa alikuwa anatoka msikitini, akasimamishwa na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, akampa zake. Baadaye mwanawe alizichukua zile nguo na kumfidia yule fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapa tuseme ukweli: utajiri wa zama zile ulikuwa na watu ndani yake waliouzwa na kutolewa kama mali, na hilo halipambwi. Tunaloliangalia ni mtawala aliyekaa na kula na mafakiri.

Alipofariki, akatawala Dawud. Yeye, ombaomba wakimjia, aliwajibu kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa.

FUNZO KWETU

Mokowe inajengwa mbio siku hizi. Vijana wetu ndio mafundi na ndio wenye nyumba za kesho. Hatusemi turudi kuvunja matumbawe baharini; mwamba ule ni nyumba ya samaki na hukua polepole mno. Mikoko nayo ina mwisho, na Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Tunachochukua ni akili: jua nguvu ya kifaa chako, tumia cha karibu kwa kipimo, na penye kuanguka jenga vizuri zaidi.

Na mwenye nyumba ya mawe ya zamani asikimbilie kuipiga plasta ya simiti. Simiti inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, ukuta unaoza taratibu. Chokaa inauacha upumue. Uliza mafundi wazee wa Amu kabla hawajatutoka, maana ujuzi huu haumo dukani.

Allah amrehemu Sultani Hasan na mafundi wake ambao majina yao hayakuandikwa. Ramadhan Karim.