TABIBU AL-RAZI NA KISA CHA NYAMA ZA BAGHDAD

  

Ndugu zetu Waislamu, ni wachache miongoni mwetu wasiopata kusikia kisa cha tabibu aliyetundika nyama katika mitaa ya Baghdad. Husimuliwa madrasa, husimuliwa katika hotuba za Ijumaa, na husimuliwa zaidi pale tunapochangishana fedha za kujenga zahanati. Mtawala, kama kisa kisemavyo, alitaka kujenga hospitali kubwa, akamtaka tabibu amchagulie mahali. Tabibu akaamuru vipande vya nyama vitundikwe katika kila mtaa wa pande zote mbili za mji, kisha akangoja. Pale ambapo nyama ilichelewa kuharibika na kutoa harufu, ndipo aliposema jengo lisimamishwe. Tabibu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi. Leo tumekusudia kueleza habari za maisha yake, na pia kukipima kisa hicho kama inavyopimwa riwaya nyingine yoyote.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Al-Razi maana yake ni mtu wa mji wa Rayy, ambao mabaki yake yapo karibu na Tehran, mji mkuu wa Iran. Wanazuoni wengi walitoka huko na wote wakaitwa al-Razi. Huyu tunayemzungumzia siye Imamu Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri mkubwa wa Qur'ani aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210 Miladia), karibu karne tatu baada ya tabibu wetu. Vijana huwachanganya, na wakati mwingine hata walimu wao.

Abu Bakr alizaliwa Rayy mwezi wa Shaabani mwaka 251 Hijria (865 Miladia), kwa mujibu wa tarehe aliyoihifadhi Abu Rayhan al-Biruni. Hakuanza na utabibu. Ujanani alipiga udi, akashughulika na elimu ya kemia ya zama hizo, na utabibu akauingia akiwa tayari mtu mzima. Hata hivyo akafika mbali kuliko wengi walioanza utotoni. Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha akasimamia hospitali mjini Baghdad. Watu wa zama hizo waliiita hospitali bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa wagonjwa.

Ibn al-Nadim, aliyeandika fahirisi yake ya vitabu katika karne ya nne Hijria, ametuachia sura ya baraza la tabibu huyu. Al-Razi alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa, akiketi na wanafunzi wake mbele yake, na mbele ya hao wanafunzi wa wanafunzi, na mbele yao wengine tena. Mgonjwa alianza kwa waliokaa mbali. Wakiwa na jibu, alitibiwa hapo hapo. Wakishindwa alisogezwa kwa wanaofuata, mpaka jambo limfikie al-Razi mwenyewe. Ameeleza pia kwamba alikuwa mkarimu na mwenye huruma kwa mafukara, akiwauguza na kuwapa posho. Msomaji na atazame mpangilio ule kwa makini: shida ndogo haikumchosha mkubwa, na shida kubwa haikukwama kwa mdogo. Huo nao ni usanifu, ingawa hauna tofali hata moja.

Lakini lililomtofautisha al-Razi na matabibu wengi ni kwamba hakutosheka na kauli ya kitabu. Wakati huo Jalinus, tabibu wa Kiyunani, alikuwa hoja isiyopingwa. Al-Razi alimheshimu kama mwalimu, kisha akaandika kitabu kizima cha shaka zake juu yake. Humo aeleza kuwa katika hospitali za Baghdad na Rayy, na nyumbani kwake pia, aliziangalia homa za wagonjwa kwa miaka mingi: zipi zilikwenda kama vitabu vilivyosema na zipi zilikwenda kinyume, na zilizokwenda kinyume hazikuwa chache. Wanafunzi wake nao walikusanya visa vya wagonjwa wake, karibu 900, pamoja na dawa walizopewa na yaliyofuatia.

Na lipo kubwa zaidi. Katika maandishi yake ya hospitali kuna habari ya ugonjwa ulioitwa sirsam, ambao wengi huufananisha na homa ya uti wa mgongo. Anataja dalili zinazoutangulia: maumivu ya kichwa na shingo kwa siku kadhaa, kuikimbia nuru, machozi, kukosa usingizi. Kisha aeleza kuwa kundi moja la wagonjwa wenye dalili hizo aliwatoa damu, na kundi jingine aliliacha kwa makusudi, ili ipatikane rai iliyo wazi. Kundi lililoachwa lote likapatwa na sirsam.

Hapa inatupasa kuwa waadilifu. Utabibu wa leo hauoni kwamba kutoa damu huzuia homa hiyo, na makundi yale hayakugawanywa kwa namna ambayo mtafiti wa sasa angeiridhia. Yaelekea waliotolewa damu walikuwa na hali tofauti tangu mwanzo. Tena mtu mwenye fikihi atauliza kama ilifaa kuwaacha wagonjwa vile. Rai yetu ni kwamba tabibu asiyejua kama tiba yake yanufaisha au yadhuru hajamnyima mtu haki aliyoijua. Lakini leo jambo hilo halifanywi ila kwa idhini ya mgonjwa, na hivyo ndivyo inavyostahiki. Pamoja na hayo yote, mtu yule alifahamu kwamba ili ujue faida ya kitu, hutazami waliopewa peke yao, bali unawaweka kando ya wasiopewa.

Sasa turudi kwenye nyama. Kisa hicho kimepokewa na Ibn Abi Usaybia, aliyefariki mwaka 668 Hijria (1270 Miladia), katika kitabu chake cha habari za matabibu. Alikisikia kwa mtu wa Baghdad, na mtu huyo aliihusisha habari na bimaristani ya Adhudi, iliyojengwa na Amiri Adhud al-Dawla. Sisi wenyewe tuliwahi kukisimulia hivyo juu ya mimbari, tena kwa kujiamini. Baada ya sala akatujia kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akauliza swali jepesi: hao wawili walikutana lini? Hatukuwa na jibu. Tulipokwenda kutazama tulikuta kwamba al-Razi alifariki mwaka 313 Hijria, Adhud al-Dawla akazaliwa mwaka 324, na hospitali yake ikafunguliwa mwaka 372 (982 Miladia). Aibu ilizidi tulipoona kuwa Ibn Abi Usaybia mwenyewe, baada tu ya kuinukuu habari, anatanabahisha kuwa kwa maoni yake al-Razi alimtangulia Adhud al-Dawla. Tulikuwa tumesoma nusu ya ukurasa.

Wapo wanaosema kisa ni cha kweli, ila chahusu hospitali nyingine ya Baghdad iliyojengwa kabla, zama za Khalifa al-Mu'tadid. Hilo lawezekana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kauli iliyo salama ni kuwa kisa kimenasibishwa kwa al-Razi karne tatu na ushei baada yake, na kwamba chafanana na tabia yake. Wallahu aalam.

Je, hoja iliyomo ndani ya kisa ina uzito? Matabibu wa wakati ule hawakujua vijidudu. Walichojua ni kwamba hewa nzito, iliyosimama, hudhuru. Nyama ikawa kipimo chao: kitu kilekile, siku zilezile, mahali mbalimbali. Ni kipimo kisicho kamili, maana joto, unyevu na nzi huharakisha kuoza, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuchagua kiwanja kwa kuwa ni cha jamaa wa mtawala. Hospitali ya Adhudi nayo ilisimama kando ya mto Dajla. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi aliyefika Baghdad mwaka 580 Hijria (1184 Miladia), aliikuta ikifanya kazi zaidi ya miaka mia mbili baada ya kufunguliwa, maji ya mto yakiingia ndani yake na matabibu wakiizuru kila Jumatatu na Alhamisi.

Jambo hilohilo la hewa limepimwa katika zama zetu kwa chombo kizuri kuliko nyama. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya watafiti waliokwenda katika hospitali nane za Lima, mji mkuu wa Peru, nchi iliyosumbuliwa sana na kifua kikuu. Waliachia hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya vyumba 70, wakapima yachukua muda gani kutoweka madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa wazi. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kwa wastani wa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vya mashine za kupitisha hewa hukadiriwa mara 12. Na vyumba vilivyoshinda vyote vilikuwa vile vya kale, vilivyojengwa kabla ya mwaka 1950, vyenye dari za juu na madirisha makubwa: mara 40 kwa saa, dhidi ya 17 katika majengo mapya zaidi yasiyo na mashine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo, nao wataka wodi ya kawaida inayotegemea upepo ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa.

Twayataja haya kwa sababu sisi nasi ni wajenzi. Kamati za misikiti yetu hujenga zahanati za waqfu, na sadaka hiyo ni kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini tumeketi katika vikao ambamo kuba na kibao cha majina ya wafadhili vilijadiliwa saa nzima, na dirisha halikutajwa. Kisha mkohozi na mama mwenye mtoto wa chanjo huketi benchi moja, katika ukumbi wenye vitundu vya kupitishia mwanga tu.

Haitakuwa uaminifu kumaliza bila kutaja kwamba al-Razi ana yaliyomletea lawama. Zimenasibishwa kwake kauli mbovu juu ya unabii, na nyingi tunazijua kupitia mpinzani wake, Abu Hatim al-Razi, mtu wa mji wake. Wanazuoni wametofautiana kuhusu usahihi wa nasaba hiyo. Sisi hatumchukui kuwa imamu wa itikadi. Twamchukua kama tabibu, na katika fani yake waliomfikia ni wachache.

Mwishoni mwa umri wake macho yaliingia mtoto wa jicho, akapofuka. Al-Biruni, aliyeorodhesha vitabu vyake 184, ameeleza kuwa kusoma kupita kiasi kulichangia. Yasemekana aliletewa mtu wa kumtibu, akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule hakujua, naye al-Razi akakataa kutibiwa. Alifariki Rayy tarehe 5 Shaabani mwaka 313 Hijria (925 Miladia).

Maandishi yake ya hospitali hakuwahi kuyapanga. Yalibaki makaratasi nyumbani, mikononi mwa dada yake. Baadaye Ibn al-Amid, waziri wa watawala wa Kibuwayhi, alimlipa dada huyo mali nyingi ayatoe, kisha akawakusanya wanafunzi wa marehemu wayapange. Kikatoka kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi, chenye mrundikano na marudio mengi, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kutumika Ulaya kwa karne kadhaa. Ni katika makaratasi hayo ndimo ilimookolewa ile habari ya makundi mawili ya sirsam.