CAMERON, MTU ALIYEULIZA MTO WETU KWA MAJI YA MOTO



Katika somo la fizika tunajifunza kwamba maji yanachemka kwa digri 100. Tunaandika ndani ya kaye, tunarudilia siku ya mtihani, tunapata pointi, basi. Lakini mwanafunzi akienda mwenyewe katika labo na termometri nzuri hapa Kisangani, hataona 100. Ataona karibu 98,6. Je, termometri imeharibika? Hapana. Ni kitabu kinasema habari ya maji safi kule kando ya bahari, na sisi tuko juu ya bahari kwa karibu mita 400. Digri moja na nusu hivi, wengi wanaona ni kitu kidogo. Leo tunataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye kwake kitu kidogo namna hii kilikuwa kikubwa, tena ni juu ya mto wetu wenyewe, huu unaopita hapa mbele yetu.

Jina lake ni Verney Lovett Cameron. Alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Dorset, Uingereza. Baba yake alikuwa pasta wa parokia. Mtoto hakufuata kazi ya baba: alipokuwa na miaka 13 tu aliingia katika masua za vita za serikali yao. Alikwenda katika vita ya Abisinia mwaka 1868, kisha masua yao ikatumwa pwani ya Afrika ya Mashariki kukamata majahazi yaliyobeba watumwa. Hapo aliona kwa macho yake watu waliojazwa ndani ya jahazi sawa mizigo. Hapo pia alianza kujifunza Kiswahili. Tangu siku zile alitamani kufika bara, kule watumwa walikotoka.

Mbele ya kuendelea, tueleze kwanza jambo la maji, maana bila hilo hatutaelewa safari yake.

Kila kitu cha majimaji kina digri yake ya kuchemka. Eteri inachemka kwa digri 35, asetoni kwa 56, alkoli kwa 78, maji kwa 100, na zebaki, ile ya kung'aa ndani ya termometri, kwa 357. Watu wanaopika lotoko wanajua jambo hili bila kusoma shule: wanatia moto wa kadiri, alkoli inatangulia kupanda kuwa mvuke, maji mengi yanabaki nyuma. (Tunasema hivi kwa ajili ya fizika, si kwa ajili ya kuwafundisha kazi hiyo!) Na juu ya nini termometri ya kupima maji ya moto inatiwa zebaki? Kwa sababu maji yakifika 100, zebaki ingali mbali na kuchemka kwake.

Lakini kuchemka ni nini? Ni kusema mvuke wa ndani ya maji umepata nguvu sawasawa na nguvu ya hewa inayokandamiza maji kutoka juu. Hewa ikikandamiza sana, maji yanahitaji moto mwingi. Hewa ikikandamiza kidogo, maji yanachemka mapema. Na ukipanda mlima, hewa inapunguka. Kwa kila mita 300 hivi, kuchemka kunashuka digri moja. Kule Bukavu, kwenye mita 1500 hivi, maji yanachemka kwa karibu digri 95. Ndiyo sababu mama mwenye kupika maharagi kule anamaliza makala mengi kuliko mama wa hapa. Juu kabisa ya Ruwenzori, kwenye mita 5109, ni karibu digri 83 tu.

Basi ukigeuza hesabu, unapata chombo. Chemsha maji, soma termometri, na utajua uko juu ya bahari kwa mita ngapi. Ndivyo walivyofanya wasafiri wa zamani. Walibeba taa ndogo ya alkoli, chombo kidogo cha maji, na termometri. Wenye akili waliweka termometri ndani ya mvuke, si ndani ya maji. Kwa nini? Kwa sababu maji yanayeyusha vitu vingi, na maji yenye kitu ndani yake yanachemka kwa digri ya juu zaidi. Gramu 58 za chumvi ndani ya lita moja zinapandisha kuchemka kwa digri moja hivi, ni kusema zinakudanganya kwa mita 300! Lakini mvuke wa maji haubebi chumvi.

Hatari yake ilionekana mwaka 1858. Burton na Speke walifika kwenye ziwa Tanganyika, lakini termometri zao nzuri zilikuwa zimekwisha kuharibika. Walitumia termometri ya kupimia maji ya kuoga. Hesabu yao ilisema ziwa liko juu ya bahari kwa karibu mita 560. Kumbe ni mita 773. Zaidi ya mita 200 zilipotea kwa sababu ya chombo kibaya, na watu walibishana miaka mingi kule Ulaya juu ya maji ya Tanganyika kwenda wapi.

Sasa turudi kwa Cameron. Mwaka 1872 chama cha jiografia cha London kilimtuma kupelekea msaada David Livingstone, mtumishi wa Mungu ambaye sisi Waprotestanti tunamjua sana. Livingstone alikuwa amefika Nyangwe, katika Maniema, mwaka 1871, akaona mto mkubwa unaitwa Lualaba. Moyo wake ulitumaini kwamba huo ni mto Nili. Lakini alikuwa na mashaka pia: kama ni Kongo je? Hakupata mitumbwi ya kushuka. Mwezi wa saba mwaka ule aliona wafanya biashara ya watumwa wakipiga bunduki juu ya watu wengi sokoni, wengi wao wanawake, na moyo wake ulivunjika, akarudi.

Cameron alitoka Bagamoyo mwezi wa tatu 1873. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, ambaye alikwisha kufuatana na Burton na Speke, tena na Stanley. Katika safari hii homa iliwapiga vibaya. Robert Moffat, mjukuu wa mmisionari mkubwa wa jina lile, alikufa njiani. Cameron mwenyewe alikaa siku nyingi bila kuona vizuri kwa ugonjwa wa macho.

Walipokuwa Kwihara karibu na Tabora, mwezi wa kumi, Chuma alifika na habari: Livingstone amekufa. Wenzake Waafrika walikuwa wanabeba maiti yake mpaka pwani. Cameron aliwashauri wamzike palepale, maana njia ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Hapa tunaona kwamba Mzungu alikuwa na shauri lake, lakini Susi na Chuma na wenzao walikuwa na lao, na lao ndilo lilishinda. Walimfikisha mpaka pwani, na akazikwa London mwaka 1874.

Ila Cameron alichukua kitu kimoja kutoka kwao: vyombo vingi vya Livingstone vya kupimia. Watu wengine kule Ulaya walimlaumu kwa jambo hilo. Yeye aliona kazi haijakwisha. Mwenye kutumwa kusaidia mtu alikuta mtu hayuko tena. Angeweza kurudi nyumbani bila haya. Wenzake wawili walirudi kweli, na mmoja wao, daktari Dillon, alijiua njiani katika wazimu wa homa. Cameron akaendelea mbele, Mzungu peke yake, pamoja na Bombay na wapagazi wao.

Mwaka 1874 alizunguka upande wa kusini wa Tanganyika, na mwezi wa tano aliona mto Lukuga, mahali maji ya ziwa yanatokea kwenda magharibi. Mwezi wa nane alifika Nyangwe, akasimama pale Livingstone aliposimama, mbele ya mto uleule, na swali lilelile.

Hapo alifanya kazi mbili.

Ya kwanza, alipima urefu wa mahali juu ya bahari. Akapata futi 1400, ni kusema karibu mita 427. Sasa fikirini. Mto Nili kule Gondokoro, karibu na Juba ya leo, kufuata vipimo vya wakati ule ulikuwa juu zaidi, kwa mamia ya futi. Na Gondokoro iko mbali sana kaskazini. Je, maji ya Nyangwe yanaweza kupanda mlima mpaka Gondokoro? Mtoto wa Wagenia mwenye miaka mitano atakujibu. Tena angalieni namna swali lilivyokuwa jembamba: futi 500 katika termometri ni nusu ya digri tu. Mto wote wa Kongo ulining'inia kwenye nusu ya digri!

Ya pili, alipima upana wa mto, kina chake, na mwendo wa maji, akafanya hesabu. Alipata karibu mita kibiki 3500 kila sekunde, tena wakati wa kiangazi. Nili ya Gondokoro, kufuata hesabu yake, ilikuwa na karibu 600 tu. Mto mkubwa hauwezi kuingia ndani ya mto mdogo na kuwa mdogo. Basi Cameron alisema: Lualaba si Nili. Ni Kongo.

Leo tunajua kwamba kipimo chake cha kwanza hakikuwa sawa. Kindu iko chini ya Nyangwe katika mwendo wa mto, na hata hivyo Kindu yenyewe inapita mita 450 juu ya bahari. Kwa hiyo mita 427 za Nyangwe zilikuwa chini ya kweli. Hata hewa ya siku ya mvua inaweza kubadilisha kuchemka kwa sehemu ya digri. Kama Cameron angekuwa na shahidi mmoja tu, tungesema alibahatisha. Lakini shahidi wa pili, wingi wa maji, hakutikisika. Walimu wetu wa labo wanapotuambia tupime mara mbili kwa njia mbili, wengine tunanung'unika. Jibu ni hili.

Alitaka kushuka mto mpaka mwisho. Kama angepata mitumbwi, angepita hapa Kisangani mbele ya Stanley. Lakini wenyeji hawakutaka kumuuzia, na mtu asiwalaumu: waliokuja na bunduki mbele yake waliwatendea nini? Tippu Tip, ambaye baadaye, mwaka 1887, aliwekwa gavana wa Stanley Falls, alimvusha na kumfikisha kwenye kambi yake. Kutoka hapo Cameron akashika njia ya kusini, nchi ya Urua, mpaka Angola.

Sehemu hii ndiyo ilikuwa chungu kwake. Mtu aliyekamata majahazi ya watumwa baharini alilazimika kutembea pamoja na msafara wa wafanya biashara ya watumwa, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Siku moja waliletwa wanawake zaidi ya 50 waliofungwa kamba, wengine na watoto mgongoni. Hakuweza kuwafungua. Aliandika yote, na aliporudi Ulaya aliyasema mbele ya watu.

Mwezi wa 11 mwaka 1875 alifika Katombela, kando ya bahari ya magharibi, karibu kufa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na majani. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya katikati kutoka mashariki mpaka magharibi. Bombay na wenzake waliofika naye walivuka vilevile, kwa miguu ileile, na mizigo juu ya kichwa.

Mwaka 1876 alipewa medali ya dhahabu. Mwaka uleule aliitwa Bruxelles kwenye mkutano wa mfalme Leopold II. Matunda ya mkutano ule tunayajua, na yalikuwa machungu kwa babu zetu. Cameron naye aliwahi kuandika tangazo kwamba nchi hizi ziwe za malkia wake, lakini serikali yake ilikataa. Kupima nchi ni jambo moja. Kuitwaa ni jambo lingine. Aliyepima vizuri hakuwa na haki ya kutwaa.

Mwaka 1877 Stanley alipita penye maporomoko yetu, akafika Boma mwezi wa nane. Mashaka yakaisha: maji ya moto ya Nyangwe pamoja na hesabu ya mto yalikuwa yamesema kweli. Cameron alikufa mwezi wa tatu 1894, alipoanguka kutoka juu ya farasi. Alikuwa na miaka 49.

Basi, ndugu, mwaliko wetu ni huu. Siku ya labo, chukueni maji ya mvua, termometri ya zebaki na barometri kama iko. Wekeni termometri ndani ya mvuke. Someni mara tatu, watu watatu mbalimbali, pasipo mmoja kuangalia kaye ya mwenzake. Kisha andikeni kile mlichoona, hata kama si 100. Mwanafunzi anayeandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100, huyo hajapima kitu, amenakili tu.