Otto Neurath na sarufi ya wingi

Mtu mmoja akipata mwenzake, Kiswahili kinasema watu. Wakifika milioni mbili, bado kinasema watu. Kiambishi wa- kinatuarifu kwamba wamezidi mmoja, kisha kinanyamaza, na kazi yote inabaki kwa tarakimu. Hapa Lubumbashi tarakimu yenyewe mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa, hata kwa muuza mihogo. Milioni inasikika, lakini nani ameiona? Mtu aliyelishughulikia swali hilo kuliko wote ninaowajua hakuwa mwanaisimu. Alikuwa mwanauchumi wa Vienna, Otto Neurath, ambaye sisi wa kitivo cha lugha humkuta, tukimkuta, katika falsafa ya sayansi tu.

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1882. Baba yake, Wilhelm, naye alikuwa mwanauchumi. Otto alisoma Vienna na Berlin, akapata udaktari mwaka 1906 kwa utafiti juu ya uchumi wa watu wa kale. Mwaka 1919 alikuwa Munich, akiongoza ofisi ya mipango ya uchumi wakati wa mapinduzi ya Bavaria. Mapinduzi yalipovunjwa alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo. Serikali ya Austria ikaingilia kati, akarudi kwao.

Mkewe, Olga Hahn, aliyemwoa mwaka 1912, alikuwa mtaalamu wa hisabati na mantiki, tena kipofu. Waliishi pamoja miaka ishirini na mitano, hadi Olga alipofariki. Huwa namfikiria mama huyo kila ninaposoma kwamba mumewe aliamini maneno hutenga watu na picha huwaunganisha.

Vienna ya wakati huo ilitawaliwa na Wasosialisti. Jiji lilitoza kodi nzito kwa anasa za matajiri, na kufikia mwaka 1934 lilikuwa limejenga zaidi ya nyumba elfu sitini za kupangisha. Lakini mfanyakazi aliyeacha shule mapema atajuaje fedha hizo zimekwenda wapi? Atajuaje kwamba kifua kikuu kilichomuua nduguye kinaua zaidi katika mitaa ya aina yake kuliko katika mitaa ya wenye mali? Takwimu zilikuwepo, zimefungwa katika vitabu vya ofisi. Mwaka 1925 Neurath alianzisha Makumbusho ya Jamii na Uchumi ili kuzitoa humo.

Sasa nifike kwenye sarufi. Kabla yake, wachoraji wengi wa takwimu waliotaka kuonyesha kwamba nchi moja ina askari mara mbili ya nyingine walichora askari mmoja mrefu mara mbili. Jicho hudanganyika hapo, kwa sababu aliyerefushwa mara mbili hupanuliwa pia mara mbili, na nafasi anayojaza kwenye karatasi ni mara nne. Neurath alikataza jambo hilo kabisa. Alama moja isimame kwa idadi moja, na idadi ikizidi, alama irudiwe kwa ukubwa uleule, safu kwa safu, ili msomaji aweze kuhesabu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu: wale wa zamani walichora jitu, naye alichora watu. Kukuza na kuongeza ni mambo mawili, na ngeli zetu hazijawahi kuyachanganya.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Marie Reidemeister alipokea takwimu kutoka kwa wataalamu akaamua nini kionyeshwe, kipi kiachwe, na safu zipangwe vipi. Wao walimwita mgeuzaji. Mimi ningemwita mfasiri, na kwangu yeye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Gerd Arntz, mchoraji kutoka Ujerumani, alichonga alama zenyewe, maelfu yake. Mwaka 1930 walitoa atlasi ya michoro mia moja. Mchoro wao mmoja maarufu unahusu wafumaji wa Uingereza katika karne ya 19: safu ya wanaofuma nyumbani inapungua hadi kukaribia kwisha, ya wafanyakazi wa kiwandani inarefuka, na nguo zinaongezeka kuliko watu wote hao. Mchoro hausemi nani alaumiwe. Hauwezi, kwa sababu picha haina njia nyepesi ya kusema kwa sababu, wala ya kukanusha. Neurath alilijua hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1936 juu ya lugha ya picha, alichokiandika kwa Kiingereza kilichopunguzwa hadi maneno 850 ya msingi, alieleza kwamba lugha yake ni ya kusaidia na haikuja kuzifuta nyingine.

Februari 1934 Wasosialisti walishindwa kwa bunduki mjini Vienna. Neurath alikuwa Moscow kikazi. Hakurudi, akahamia The Hague. Huko ndiko Marie aliupa mfumo wao jina la Isotype. Mei 1940 Wajerumani walipoivamia Uholanzi, wawili hao walitoroka kwa mashua iliyojaa watu. Mwanafalsafa aliyependa kuifananisha elimu na chombo kinachotengenezwa kikiwa baharini aliokolewa na manowari ya Waingereza, halafu Waingereza haohao wakamweka kizuizini katika kisiwa cha Man. Mwaka 1941 waliachiliwa, wakaoana, wakaanza upya Oxford. Alifariki huko ghafla tarehe 22 Desemba 1945.

Jambo moja nalipinga. Neurath alitumaini kwamba alama zake zingesomeka popote bila mkalimani, lakini mtu wa Arntz ana mwili na mavazi ya Ulaya, na nyumba yake ni ya Ulaya. Katika miaka ya 1950 Marie alialikwa kutengeneza vijitabu vya picha vya elimu ya umma kwa jimbo la Magharibi la Nigeria. Alikwenda kutazama, na alama zikachorwa upya: mavazi, nyumba, mama na mtoto wake. Kanuni ya kuhesabu haikuguswa.