Florence Nightingale, muuguzi mwenye daftari

Mara hii tunawaletea maisha ya mama mmoja ambaye wauguzi wetu wanamjua kwa taa aliyoshika usiku. Sisi tunapenda mumjue pia kwa daftari yake.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 huko Florence, Italia, katika jamaa tajiri ya Waingereza. Wazazi hawakutaka awe muuguzi, maana wakati ule ilikuwa kazi ya kudharauliwa. Yeye hakuacha. Novemba 1854, wakati wa vita ya Crimea, alifika ku hospitali ya askari ya Scutari, karibu na Istanbul, pamoja na wauguzi 38.

Alikuta uchafu na chawa kila mahali. Akapanga jiko, ufuaji wa nguo na chakula cha wagonjwa. Lakini watu walizidi kufa. Februari 1855, kwa wagonjwa 100 walikufa 42. Mwezi wa Machi wajumbe waliotumwa na serikali walifika, wakasafisha mifereji ya uchafu iliyopita chini ya hospitali na kufungua njia za hewa. Kufika Juni, walikufa 2 tu kwa 100.

Aliporudi kwao mwaka wa 1856, kila mtu alimsifu. Yeye aliketi na hesabu, akisaidiwa na William Farr, mtaalamu wa takwimu. Kumbe askari wengi hawakuuawa na risasi bali na magonjwa ya kuzuilika, na hospitali yake mwenyewe ilikuwa imepoteza watu wengi sana. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakunyamaza: mwaka wa 1858 alizichora hesabu hizo kwa rangi, ili wakubwa waelewe kwa kuangalia tu. Mwaka wa 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.

Siye tuliorudi vijijini tunajua kolera. Muuguzi anapoandika kila mgonjwa, siku aliyougua na mahali anapochota maji, daftari ile inaonyesha kisima gani kitiwe dawa kwanza. Bila kuandika, tunabaki kubahatisha, na watoto wanakufa.

Ndiyo maana, wafadhili wetu, pamoja na dawa tunaomba pia daftari na kalamu. Nanyi wanamemba, muuguzi akiwauliza maswali mengi, musikasirike. Mujibu yote.