Karoli Lwanga, Shahidi wa Uganda

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Tesalonike, aliwaombea walindwe roho, nafsi na mwili. Pengine msomaji atadhani ya kuwa mtu ana roho mbili. Sivyo. Kanisa lafundisha kwamba roho ya mtu ni moja tu. Kwa kuwa yautia mwili uhai, huitwa nafsi. Na kwa kuwa yaweza kumjua Mungu na kumwendea, huitwa roho. Tazameni mto wetu Kilombero. Maji yake hunywesha mpunga wa bondeni. Na maji yale yale hayakomi hapa, bali huenda kukutana na Luwegu, yakawa mto Rufiji, yakafika baharini.

Habari za Karoli Lwanga zatuonyesha jambo hili waziwazi.

Lwanga alikuwa kijana mwenye nguvu, mtumishi katika nyumba ya Mwanga, Kabaka wa Buganda. Tarehe 15 Novemba 1885 Kabaka alimwua Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi Wakristo, aliyemkemea kwa maovu yake. Siku ile ile Lwanga alikwenda kwa mapadre, akabatizwa. Tangu hapo yeye ndiye aliyewafundisha vijana wenzake dini, na kuwakinga na mambo machafu aliyoyataka Kabaka.

Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, hasira ya Kabaka ilizidi. Usiku Lwanga akawabatiza wale ambao walikuwa hawajabatizwa bado, na mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kumi na minne hivi. Kulipokucha Kabaka akaamuru wanaosali wajitenge na wenzao. Lwanga akatoka mbele, na wengine wakamfuata.

Wakafungwa kamba, wakapelekwa kwa miguu mpaka Namugongo, wakakaa kifungoni muda wa juma zima. Miili yao ilidhoofika. Nafsi zao, bila shaka, zilipenda kuishi, kama kila kiumbe chenye uhai. Na njia ya kuokoka ilikuwapo: kuikana dini tu. Lakini roho zao zilikwisha kuchagua, wala amri ya Kabaka haikuweza kufika huko.

Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga alichomwa peke yake kwa moto wa polepole, ulioanzia miguuni. Akasali hata akafa. Kisha wenzake wakachomwa pamoja.

Mwaka 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza Lwanga na wenzake, jumla yao 22, kuwa wenye heri. Na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu. Hata miili ile iliyokuwa majivu, Kanisa haliidharau, kwani yangojea ufufuo.

Basi, mwanafunzi, ulishe mwili wako na kuutunza, lakini usisahau ya kuwa roho yako ina safari ndefu kuliko mwili.